Nywila Isiyotajwa Mbele ya Mkwe

"Jamani, tumekwisha! Wanafunga!"

Kufuli alikuwa bado upande wa pili wa barabara, mguu mmoja ndani ya mtaro, na habari imeshamtoka. Huyu Jyrgal hakuonewa kuitwa Kufuli. Mtu anatembea na rundo la funguo kiunoni mpaka suruali inalala upande, na nusu ya funguo zenyewe milango yake ilishavunjwa zamani, utamwita nani?

"Wanafunga nini, soko?" aliuliza Mama Zuura, akikung'uta kata juu ya pipa lake.

"Soko lina afadhali! Wanafunga ile programu ya kwenye simu, ile inayowatunzia watu paswedi. Redio imesema sasa hivi. Mwisho wa mwezi zote zilizomo zinafutwa. Hujahamisha, imekula kwako."

"Toba!" alisema Mama Zuura, ingawa yeye hakuwa na cha kuhamisha zaidi ya mapipa yake ya maksym, kinywaji cha shayiri anachouza.

Kijiwe kilikuwa hapo hapo kwenye mapipa, kona yenye miti ya mipopla katikati ya mji wa Karakol: benchi moja la mbao na kreti zilizopinduliwa. Ukinunua glasi moja ya maksym, basi umelipia haki ya kubishana mpaka mchana. Taalai, fundi wa majokofu ambaye pale wote walimwita Friji, alikuwa amekaa ncha ya benchi tangu asubuhi na glasi yake haijapungua. Jina alipewa kwa ajili ya kazi yake, na pia kwa ubaridi wake, maana ukimtukana leo atakasirika keshokutwa. Ila siku hiyo Friji lilikuwa linachemka. Mfukoni mwa shati alikuwa na simu ya mkewe, na kiganja chake hakikubanduka juu ya mfuko huo.

Mkewe, Burulai, ni mkunga. Alikuwa zamu, na wodini kwao simu za mkononi haziingii. Alimwachia simu na maneno machache: "Saa nne tovuti ya shule inafunguliwa. Unabonyeza kuingia, simu inajaza nywila yenyewe, unamwandikisha Saikal. Usiguse kitu kingine, Taalai. Nimekuomba." Saikal ni binti yao, anaanza darasa la kwanza, na shule iko mtaa wa pili tu, ila nafasi zake huisha kabla chai haijapoa. Akikosa hapo, anapelekwa kwa wazazi wa Burulai kule Balykchy, ncha nyingine kabisa ya ziwa, ambako babu yake wa upande wa mama ameshamnunulia begi na dawati. Friji hakutaka hata kuifikiria nyumba yake bila kelele za Saikal. Alikuja kijiweni kwa sababu moja tu: mtandao pale unashika kuliko nyumbani.

"Mimi nilisema," aliendelea Kufuli, akijitupa kwenye benchi funguo zikalia. "Nilisema hapa hapa! Unampaje mtu usiyemjua paswedi zako akutunzie? Ungempa funguo za zizi lako?"

"Baike, kaka yangu, unachanganya mambo," alisema Satelaiti.

Huyo ndiye Asylbek, muuza laini za simu, bwana mdogo ambaye huongea kutoka juu na hatui ng'o. Alikuwa amekunja nne juu ya kreti, ana miwani ya jua kwenye kivuli.

"Nachanganya nini?"

"Inayofungwa ni programu moja. Paswedi zinaweza kukaa ndani ya kivinjari chenyewe. Ukifungua tovuti kinakuuliza, nikuhifadhie? Wewe unasema ndiyo. Kesho ukirudi, chenyewe kinakujazia. Hujui paswedi, hukumbuki paswedi, unaingia kama bwana harusi. Dunia nzima ndiko iliko."

"Dunia nzima ikijitupa ziwani na wewe umo?"

"Wewe paswedi yako unaiweka wapi?"

Kufuli alijigonga kichwani kwa kidole. "Humu. Moja tu, kwa kila kitu. Jina la farasi wangu."

"Yule aliyekufa?" aliuliza Mama Zuura.

"Kafa yeye, paswedi haijafa."

"Basi hiyo paswedi Karakol nzima tunaijua," Satelaiti alisema. "Siku ya msiba wa farasi ulilia jina lake mpaka majirani wakaja na unga."

Benchi likacheka. Hata Friji akatabasamu, mkono ukiwa pale pale mfukoni.

"Cheka tu," Kufuli alimgeukia. "Wewe unashika titi hilo tangu nimefika, una nini humo?"

"Simu ya Burulai."

"Simu ya mkeo! Ina paswedi ndani?"

"Inajijazia yenyewe."

"Mungu wangu!" Kufuli alisimama, akakaa, akasimama tena. "Mnamsikia huyu? Anatembea na nyumba yake mfukoni na mlango uko wazi! Ikidondoka hapo kwenye mtaro, mtu akaiokota, anaingia benki ya mkeo, anaingia kwenye picha za mkeo, anaingia mpaka jikoni anakula wali wenu wa plovu!"

"Haidondoki," alisema Friji.

"Ya nani ilishawahi kuaga kabla ya kudondoka?"

Friji alimwangalia Satelaiti apate mtu wa kumtetea. Na kweli Satelaiti alivua miwani. Lakini Satelaiti ana ugonjwa mmoja: hawezi kumwacha mtu mwingine awe na hofu kubwa kuliko ujuzi wake.

"Hapo Kufuli ana hoja," alisema taratibu. "Kivinjari ni salama, ila kinataka usafi. Mkeo anakisafisha?"

"Kinasafishwaje?"

"Mwanangu! Hakijasafishwa hata siku moja? Lete hapa."

"Kaniambia nisiguse."

"Wewe huigusi. Nagusa mimi."

Basi Friji, mtu mzima mwenye mke na mtoto, akaona hoja hiyo imenyooka. Alifungua simu akampa. Satelaiti alipitisha kidole mara mbili tatu, akibonyeza visanduku kama mtu anayepanda vitunguu. Historia, weka tiki. Vidakuzi, weka tiki. Nywila zilizohifadhiwa, weka tiki. Futa.

"Tayari," alisema, akairudisha simu kwa mikono miwili. "Sasa hata jini hawezi kuingia."

Kufuli alimpa mkono. Friji naye akapumua, akaona amefanya jambo la kiume kwa ajili ya familia yake. Mama Zuura alikuwa anachota maksym ya mteja, hakuinua hata macho.

"Na nyinyi mtaingiaje?" aliuliza.



Friji alibonyeza haraka. Tovuti ya shule ilifunguka vizuri, saa nne kamili, ina picha ya watoto wenye mashada kichwani, na pembeni namba ya nafasi zilizobaki inashuka huku unaitazama. Jina la mtumiaji aliliandika, maana ni namba ya simu ya Burulai. Chini yake kisanduku cha nywila kilikuwa cheupe, kitupu, kinapepesa kistari.

"Mbona haijazi?" alisema. "Satelaiti, mbona haijazi?"

"Ipe muda."

"Muda gani? Nafasi zinaondoka!"

"Bonyeza pale penye 'nimesahau nywila'."

Alibonyeza. Maandishi yakatokea: mzazi afike ofisini na kitambulisho, ombi litashughulikiwa ndani ya siku tatu za kazi.

"Umeniua," alisema Friji, na safari hii hakungoja keshokutwa. "Asylbek, umeniua! Wewe na miwani yako!"

"Sasa mimi ningejuaje kama mkeo hajaiweka kichwani?"

"Kaiweka kichwani, ila kichwa chenyewe kiko wodini!"

"Mpigie basi!"

Na hapo ndipo alipotokea Mzee Kasymaly, kofia nyeupe ya kalpak kichwani na chupa ya chai kwapani. Ni baba yake Friji. Kijiweni wote humwita Aksakal kwa heshima na kumpisha katikati ya benchi, hasa kwa kuwa asipopishwa hununa wiki nzima. Hatoki nyumbani bila chupa ile. Wengine wananunua maksym, yeye anakuja na chai yake, anakalia benchi la Mama Zuura bure, na kumwambia Mama Zuura kwamba shayiri ni chakula cha farasi.

"Kashaandikwa?" aliuliza kabla hajakaa.

"Bado kidogo, baba."

"Kidogo kipi? Saa nne imeshapita. Yule wa Balykchy kanipigia jana, ananiambia dawati lina droo. Droo! Anadhani mimi siwezi kununua droo?" Mzee alikaa, akaiweka chupa magotini, na sauti ikamshuka. "Yule mtoto akienda kule, mimi asubuhi nitaongea na nani? Na wewe? Wewe una maneno?"

Friji alitoa simu yake mwenyewe kumpigia Burulai kwenye simu ya mezani ya wodi. Fundi huyu hutengeneza majokofu ya mji mzima, ila simu yake ilikufa spika ya sikioni tangu majira ya baridi, na haongei mpaka aweke sauti ya nje, mtaa wote usikie.

"Wodi ya wazazi," ilisema sauti ya Burulai.

"Mimi hapa. Burulai, ile nywila ya shule ni ipi?"

"Inajijaza yenyewe."

"Imeacha."

"Imeachaje?"

"Tumesafisha kivinjari."

Sauti ikaja ndogo na kali. "Mmesafisha nini?"

"Kivinjari. Kwa usalama."

"Taalai! Nilikwambia usiguse! Mmesafisha na nani? Uko na Satelaiti hapo?"

Satelaiti alihama kreti.

"Nafasi zinaisha, Burulai. Nitajie tu, tuingie, halafu utanitukana nikiwa nimekaa."

"Baba yupo?"

"Yupo hapa, anakusikia."



"Basi siwezi kuitaja," alisema Burulai.

Kufuli alipiga paja. "Nimeipata! Jina la mkwe!"

Wote wakaelewa mara moja. Mwanamke akishavuka kizingiti cha ukweni, jina la baba mkwe halipiti tena midomoni mwake, amefungwa breki mpaka kaburini. Kuna wanaotania desturi hiyo, kuna walioiacha, lakini nyumba ya Mzee Kasymaly haikuiacha, na ikitokea mtu mwingine tu mwenye jina hilo, Burulai husema "yule fulani."

"Akili nyingi!" Satelaiti alipaa tena. "Kaweka neno ambalo kamwe hatalitamka! Hata umteke, umtekenye, hasemi. Hiyo ndiyo paswedi! Lete simu."

Alishaichukua. Mzee Kasymaly alikuwa amejinyoosha mgongo, kidevu juu, kama anapigwa picha ya kitambulisho.

"Andika vizuri," alisema. "Herufi kubwa mwanzo."

"Na mwaka wako wa kuzaliwa, Aksakal?"

Mzee aliutaja kwa kiburi. Satelaiti akaandika, akabonyeza. Kisanduku kikawa chekundu: si sahihi, umebakiwa na majaribio mawili.

"Nani kawaambia muandike?" Burulai alipaza sauti kwenye simu. "Mmeandika nini?"

"Jina la baba," alisema Friji.

"Ha! Siwezi kulisema, nitaweza kuliandika? Si hilo!"

"Ni lipi sasa?"

"Ni lile... ninalomwita."

"Ak-ata?" Friji aliuliza, maana ndivyo wakwe wote wa mjini wanavyowaita baba zao wa ukweni, na masikio ya mzee hupenda.

"Hilo ni la mbele yake," Burulai alisema, na hapo hapo akagundua alichokisema. "Aaa, Mungu wangu. Nisamehe, Ak-ata."

"Uuuuwi!" alisema Mama Zuura, akaacha kata ielee ndani ya pipa.

Benchi lilisogea. Kuna lile la mbele yake, kumbe kuna na la nyuma yake! Friji alihisi masikio yanamuwaka. Kwa sababu yeye alilijua. Alilijua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, alishalicheka chini ya blanketi mpaka akaumwa mbavu, na siku mbili tatu, Mungu amsamehe, alilitumia mwenyewe. Neno lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Alinyoosha mkono achukue simu aliandike kimyakimya, lakini simu ilipofika magotini mwake kichwa cha baba yake nacho kikafika, ndevu zinagusa kioo.

"Andika," alisema mzee. "Mbona huandiki?"

"Sijui, baba," Friji alidanganya.

"Mwishoni kuna namba," Burulai alisema harakaharaka. Nyuma yake mwanamke alikuwa anapiga ukelele na mtu anamwita kwa jina. "Ni vikombe vya asubuhi. Vya chai. Taalai, huyu mtoto anatoka, naenda!"

Simu ikakatika.

"Neno na idadi ya vikombe," alisema Satelaiti. "Sasa ni neno gani? Tujadiliane kwa heshima."

Heshima! Walikuwa wamemngoja mzee huyu miaka.

"Samovari?" alianza Kufuli.

"Pipa," alisema Mama Zuura. "Tena bila kifuniko."

"Mfereji?"

"Kinywa wazi?"

"Mimi ningesema Ziwa," alisema Satelaiti, "maana mito yote inaingia na hakuna unaotoka."

"Anatoka, usiku anatoka!" Kufuli alidakia. "Mimi jirani yake, nasikia mlango!"

"Jamani, nafasi!" Friji alipiga kelele. Namba pembeni ilikuwa imeshuka tena. Alimtazama baba yake, akaitazama ile namba, akafikiria Saikal anapanda gari na begi lililonunuliwa na mtu mwingine. Kulitaja neno la Burulai mbele ya kijiwe kizima ilikuwa kumuuza mke wake. Kunyamaza ilikuwa kumuuza mtoto. Alifungua mdomo.

"Ngamia," alisema Mzee Kasymaly.

Kila mtu aligeuka.

"Ananiita Ngamia. Huwa ananisema anapoosha vikombe. 'Ngamia kashiba, Ngamia anataka tena.' Mimi mzee, sikusema mimi kiziwi." Alimgeukia Friji. "Na wewe nilikusikia ukicheka. Ukuta wenyewe ni mbao."

Friji alitamani pipa la maksym limmeze. "Baba, mimi..."

"Andika."

Akaandika. Ngamia, herufi kubwa mwanzo. "Na vikombe, baba?"

Mzee Kasymaly alikohoa, akarekebisha kalpak.

"Vitano," alisema.

Mama Zuura alicheka kupitia puani, akajifanya anapiga chafya. Friji aliandika tano, akabonyeza. Nyekundu. Umebakiwa na jaribio moja.

"Baba!"

"Vitano! Daktari aliniambia vitano, nimemwahidi daktari, mnataka niseme nini?"

"Daktari hayumo kwenye hii paswedi, Aksakal!" Satelaiti alisema, ameshasahau kupaa. "Hii ni baina yako na mkwe wako!"

Friji alipiga tena wodini. Simu iliita, ikaita, hakuna aliyepokea. Yeye mwenyewe asubuhi huondoka giza bado, hajui baba yake anakunywa vingapi. Burulai ndiye anayemimina. Duniani kote, idadi ile walikuwa nayo watu wawili, anayemimina na anayekunywa, na mmoja alikuwa anapokea mtoto wa watu.

"Saba," alisema Kufuli. "Mimi nasema saba."

"Saba ni kabla ya mkate," alisema Mama Zuura. "Aksakal, dirisha la jiko lenu linatazama kwangu. Nyumba yenu ina moshi wa birika kama kiwanda."

"Nyinyi mnahesabu vibaya!" Mzee alikuwa mwekundu hadi shingoni. "Kwetu kikombe kinajazwa? Hakijazwi! Mgeni anayejaziwa anafukuzwa! Burulai ananimiminia nusu, kwa adabu! Nusu na nusu ni kimoja! Kwa hiyo kumi ni vitano!"



"Kumi!" walipiga kelele wote pamoja.

"Andika kumi, Friji! Andika!"

Friji alishaandika Ngamia upya, kidole kikawa juu ya kioo. Ila alimjua baba yake. Mtu aliyemwambia daktari vitano, na kijiwe kumi, bado anapunguza. Alikishusha kidole.

"Baba," alisema taratibu, "zimebaki nafasi chache mno. Na jaribio moja. Tukikosea, Saikal anakwenda kwenye droo."

Mzee Kasymaly aliitazama ile chupa yake magotini. Mdomo ulimcheza chini ya ndevu. Hata Kufuli alikuwa ameshika funguo zake zisilie.

"Lete," alisema.

Alichukua simu. Akawapa mgongo wote. Kisha akavua kalpak, kofia ambayo haivui hata kwa mkuu wa wilaya, akaifunika juu ya simu na mkono wake, na chini ya ule weupe kidole kikaonekana kinatikisika. Mara moja. Kikatulia. Mara ya pili. Kisha kikabonyeza kuingia. Kufuli alinyoosha shingo, akapigwa kiwiko na Mama Zuura.

Simu ililia ting.

"Imefunguka," alisema mzee.

Friji aliipokonya. Jina la mtoto, tarehe, anwani, thibitisha. Kioo kikazunguka, kikazunguka, halafu kikatoa tiki ya kijani: Saikal binti Taalai, darasa la kwanza, amepokelewa. Friji alikaa chini kwenye vumbi, pale pale mbele ya benchi, akacheka na machozi yakamtoka, na hakujali nani anamwona. Satelaiti alianza kusema kwamba kwa kweli tangu mwanzo mpango ulikuwa mzuri, Kufuli akamziba mdomo na kiganja.

"Subirini," alisema Friji. "Kinauliza kitu."

Juu ya kioo kulikuwa na maneno: Je, tuhifadhi nywila hii?

"Hifadhi!" alipiga kelele Satelaiti.

"Hifadhi!" alipiga kelele Kufuli, Kufuli yule yule.

Mzee Kasymaly alijiinamia juu ya bega la mwanawe, akasoma, midomo inacheza. Kisha akanyoosha kidole kinene akabonyeza Kamwe.

"Baba! Si tutaihitaji tena?"

"Mkiihitaji mtakuja kwangu," alisema mzee, akivaa kalpak. "Mtakuja kwa adabu, na chai."

Simu ya Friji iliita. Sauti ya Burulai ilijaa kona nzima, na nyuma yake kichanga kinalia kwa nguvu zote.

"Mmeingia?"

"Tumeingia! Kapokelewa!"

"Alhamdulillahi! Alhamdulillahi..." Akasita. "Taalai, nani kawaambia?"

Friji alimtazama baba yake. Mzee alimnyang'anya simu na kuishika mbele ya mdomo, mbali kidogo, kama mtu anayetaka kuilisha.

"Mwanangu."

Upande wa pili hata kichanga kiliacha kulia, au labda walikiweka kwenye titi.

"Naam, Ak-ata," ilisema sauti nyembamba.

"Ukitoka zamu usikimbilie jikoni. Ukae. Leo Ngamia atabandika birika mwenyewe, na yeye ndiye atakayekumiminia."

Alikata simu, akamrudishia mwanawe bila kumtazama, akaiweka chupa kwapani na kuanza kuondoka. Kijiwe kilibaki mdomo wazi. Tangu Karakol iwe Karakol, hakuna aliyesikia baba mkwe akimmiminia chai mke wa mwanawe.

"Aksakal!" Mama Zuura alimwita alipofika kwenye mipopla. "Sasa leo vitakuwa vikombe vingapi?"

Mzee Kasymaly hakugeuka.

"Vitano," alisema.